Naomba ushauri: mlipokeaje albamu ya mtu aliyeacha bendi akaimba peke yake?

Nyuzi_Sita: Habari zenu wadau. Niko Nakuru, Section 58, napiga gitaa na kuimba roki. Mnaomsikiliza Chris Cornell naomba mniambie ukweli. Bendi yake ya roki ya Marekani, Soundgarden, ilivunjika 1997, naye 1999 akatoa albamu yake mwenyewe, Euphoria Morning. Kwangu hakuna kazi yake inayoishinda. Magitaa yametulia, na yeye anaimba kama mtu aliyebaki jikoni usiku wakati nyumba nzima imelala. Ila hadi leo kuna mashabiki wanaosema aliwaangusha, walitaka ngurumo wakapewa huzuni. Nyinyi mliipokeaje? Msikilizaji humsamehe mtu aliyejitenga? Kuna jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa.

Mzee_wa_Menengai: Kijana, usingizi ukikosa kwa sababu ya muziki, muziki umekuwa ugonjwa. Enzi zetu tulicheza rumba na benga mpaka alfajiri, na saa mbili asubuhi tuko kazini. Je, una kazi?

BintiNjoro: Mzee, kauliza kuhusu albamu. Nyuzi, mimi mwanzoni sikuipenda. Nilikuwa namuuguza mama, kila siku matatu Njoro hadi mjini na kurudi, na albamu hiyo ndiyo ilikuwa kwenye simu. When I'm Down ikaniingia siku mvua ilipotuzuia njiani, kile kinanda kinavyoburuta miguu. Jina lenyewe la albamu Cornell alilitaka liwe Euphoria Mourning, yaani maombolezo, akashauriwa aandike Morning, asubuhi. Ilipotolewa upya 2015 akalirudisha la kwanza. Miaka kumi na sita alibeba jina ambalo si lake. Tangu nilipojua hilo siisikii kama zamani.

Fundi_Spika: Jambo gani hilo linalokunyima usingizi? Sema tukusaidie.

Nyuzi_Sita: Asante BintiNjoro. Fundi, nafikiria kutoa albamu yangu. Nafikiria tu.

Jaduong_Kondele: Omera, mtu anayefikiria tu hakosi usingizi wiki mbili. Halafu mbona umechagua ile ya 1999? Ya 2009 umeiruka. Scream, aliyomtengenezea Timbaland, prodyusa wa hip-hop, midundo ya kompyuta mwanzo hadi mwisho. Kwenye chati ya Marekani iliingia namba 10, wakati Euphoria Morning ilifika 18, na bado watu wa roki waliikataa kama dawa chungu. Kwa hivyo usitegemee hesabu ikuambie umependwa. Hapa kwetu tulikuwa na mwanamuziki Ayub Ogada, aliyetoka African Heritage Band akaenda Uingereza na nyatiti yake, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Albamu ya En Mana Kuoyo ikatoka 1993, na mimi, Mjaluo wa Kisumu, wimbo wake Kothbiro niliusikia mara ya kwanza kwenye filamu ya wageni! Nilisikia aibu. Alifariki 2019 hapo Nyahera, si mbali na kwangu. Sasa niambie, umesharekodi?

Nyuzi_Sita: Nimerekodi nyimbo nne. Ni za midundo ya kompyuta, ndiyo. Bendi haijui. Lakini maneno yote niliandika mimi, hata yale ya bendi. Na prodyusa anasema sauti yangu ilikuwa inazikwa.

MamaWawili: Studio si bure. Pesa ulitoa wapi?

BintiNjoro: Swali zuri.

Nyuzi_Sita: Tulikuwa tunachangishana tununue amplifaya mpya. Laini ya bendi iko kwenye simu yangu. Nimetoa 38,000. Nitarudisha kabla ya Desemba, nimeshapiga hesabu. Na katika mchango huo mimi nimetoa zaidi ya kila mtu, isipokuwa mpiga ngoma. Mpiga ngoma ni kaka wa mke wangu.

MamaWawili: Shemeji yako! Hapo achana na huyo Cornell. Mke wako anajua? Ndugu yangu mmoja alikopa pesa za mazishi kwa siri, mpaka leo kwenye vikao anakaa karibu na mlango. Pesa ilirudi yote. Kiti hakikurudi.

Kabras_Moja: Jameni, hii imetungwa. Nimeishi Section 58 miaka kumi na moja, sijasikia gitaa la roki hata siku moja. Halafu shemeji, pesa za siri, studio… Anatafuta wachangiaji wa uzi tu.

Jaduong_Kondele: Nami nimeanza kushuku. Ametoa habari kipande kipande mno.

Nyuzi_Sita: Nimetoa kipande kipande kwa sababu naona haya. Tunafanyia mazoezi chumba cha nyuma cha karakana ya mbao, Ijumaa, msumeno ukishazimwa. Ndiyo maana husikii, magunia ya randa yamepangwa ukutani hadi juu. Amplifaya yetu ni ya mtumba. Kile kitufe cha kuzungushia sauti kilipotea, mahali pake pana kifuniko cha soda, chekundu, kimegandishwa kikalala upande wa kushoto. Ikipata moto inatoa harufu ya mbao inayoungua. Mtu hutunga kitu kama hicho?

Fundi_Spika: Subiri. Kifuniko chekundu nilikigandisha mimi. Ilikuwa mwezi wa nne. Aliileta kijana mmoja mrefu, ameipakata kwenye boda kama mtoto mgonjwa. Nilibadilisha na waya ndani. Alinilipa 800 kutoka mfukoni mwake, akauliza mara mbili kama sauti ya mwimbaji itatoka safi, kwa sababu mwimbaji wao analalamika kwamba hasikiki. Kabras, huyu hadanganyi.

Nyuzi_Sita: Ni yeye. Mimi aliniambia fundi ametengeneza bure.

Kabras_Moja: Nimekosea. Samahani ndugu.

MamaWawili: Sasa unangoja nini?

Nyuzi_Sita: Nyimbo sizifuti, hilo niseme wazi. Nazipenda. Lakini kesho ni Ijumaa. Shemeji hufika saa moja kabla ya wengine kukaza ngoma zake. Nitakuwa nimeshafika, na simu yenye laini nitamkabidhi. Leo usiku namwambia mke wangu.

Mzee_wa_Menengai: Uende. Na wewe binti wa Njoro, huo wimbo wa kinanda unaitwaje tena? Mjukuu wangu yuko hapa na simu.

BintiNjoro: When I'm Down, mzee. Zimeni televisheni kwanza.