Panya wa kundi la asetoni nao wanajikuna: tatizo ni oksazoloni au ni nini?

dunga_maabara (Kisumu):

Habari zenu wadau. Tunapima dondoo la majani ya mwarobaini kwa modeli ya pumu ya ngozi. Panya ni BALB/c, majike wa wiki 8, watano kwa kila kizimba. Siku ya 0 tunanyoa tumbo na kupaka oksazoloni (kemikali ya kuamsha mzio wa ngozi) ya asilimia 3 katika asetoni, maikrolita 100. Kuanzia siku ya 7 ni asilimia 0.5, maikrolita 20 kwa kila sikio, siku moja tunapaka, moja tunaruka.

Wa oksazoloni wanavimba vizuri. Ila kundi la kulinganishia, linalopakwa asetoni pekee, nalo lina masikio mekundu na linajikuna, na IgE (kingamwili ya mzio) ya seramu yao iko juu. Kila kizimba kimechanganya makundi yote ili tofauti za vizimba zisituharibie takwimu. Tushushe dozi, au tuhamie MC903 (kalsipotrioli, kemikali ya jamii ya vitamini D)? Idhini ya kamati ya wanyama na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, tunazo.

vet_njoro:

Dozi iacheni kwanza. Mnaona mambo mawili ambayo huenda hayana chanzo kimoja.

Wekundu unaweza kuletwa na asetoni yenyewe. Inayeyusha mafuta ya tabaka la juu la ngozi, na ikipakwa tena na tena kizuizi cha ngozi kinalegea hata kama haina kitu ndani yake. IgE iliyo juu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kwa panya ambao hawajaguswa na hapteni (kemikali ndogo inayoshikana na protini na kuleta mzio, kama oksazoloni), mshukiwa wangu wa kwanza ni utitiri wa manyoya, *Myobia musculi* na *Myocoptes musculinus*. Hao wanapandisha IgE na kuwasha, na wakikithiri wanaleta vidonda kabisa. Panya waliotoka kwenye banda lisilo na uchunguzi wa vimelea wanaweza kuwa nao miezi na miezi bila mtu kujua.

Kuwapima ni rahisi. Mpe panya nusukaputi, bandika selotepu angavu kichwani, shingoni katikati ya mabega, kisha kinenani. Ibandike kwenye kioo cha slaidi na uangalie kwa hadubini ukianzia ukuzaji wa mara 40. Tafuta pia mayai: yameshikamana na unywele karibu na shina lake. Msipime panya wakubwa pekee, kwa sababu wakubwa wanajilamba na kujisafisha, hivyo mara nyingi hawaonyeshi kitu. Chukueni watoto walioachishwa kunyonya juzi. Selotepu moja isiyo na kitu haithibitishi kwamba mnyama hana utitiri.

Pili, kuchanganya makundi kwenye kizimba kimoja. Wazo la takwimu nalielewa na kwa dawa ya kudungwa lingefaa, lakini hapteni ya kupaka inahama. Panya wanalambana na kulala wamerundikana, na maranda nayo yanabeba. Wa asetoni anaishia kupata kiasi kidogo cha oksazoloni kila siku, na kiasi kidogo cha mara kwa mara ndicho kinachozoesha mwili mzio. Tenganisheni makundi, kila kundi liwe na angalau vizimba viwili, na vizimba vipangwe rafuni kwa kura ili kundi moja lisikae lote karibu na dirisha.

Halafu ongezeni makundi mawili madogo: wasioguswa kabisa, na wale waliopakwa asetoni tumboni kisha oksazoloni masikioni. Hawa wa pili watawaonyesha ni kiasi gani cha uvimbe ni mwasho tu wa kemikali wala si mzio.

hapteni_kakamega:

Naunga mkono. Naongeza upande wa kupaka, kwa sababu hapo ndipo namba zinapoharibika kimyakimya.

Asetoni inavuja kwenye pipeti. Vuta na urudishe mara tatu kabla ya kupima, ili mvuke ujae ndani ya ncha, la sivyo matone yanadondoka njiani na sikio linapata maikrolita 14 badala ya 20. Chupa iwe ya kioo, ikae kwenye barafu, ifungwe baada ya kila panya. Kwa joto la mchana la Kisumu, chupa iliyoachwa wazi inapoteza asetoni, na panya wa mwisho anapakwa mchanganyiko mkali kuliko wa kwanza. Msianze na kundi lilelile kila siku. Oksazoloni pia inavunjwa na maji: tengenezeni mpya siku ya kupaka, na chupa iliyotoka kwenye friji ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa.

Gaweni zile maikrolita 20: 10 nje ya sikio, 10 ndani. Badala ya asetoni tupu, jaribuni asetoni na mafuta ya zeituni, 4 kwa 1. Inatulia zaidi kwenye ngozi.

Unene wa sikio upimwe kabla ya kupaka, mtu mmoja yuleyule, sehemu ileile ya theluthi ya nje, mara tatu. Sikio lisilovimba lina kama milimita 0.2 hadi 0.25, kwa hiyo mkono unaobana kwa nguvu unakamua maji ya uvimbe na kufuta matokeo.

Kuhusu MC903: ni nanomoli 2 katika ethanoli, kila siku, na haihitaji kuzoesha mwili kwanza. Inasukuma seli za tabaka la juu la ngozi kutoa TSLP, protini inayoanzisha uvimbe wa mzio, kama ilivyoonyeshwa na kundi la Strasbourg mwaka 2006. Ni modeli nzuri kwa swali la jinsi ngozi inavyoanzisha uvimbe. Ila hakuna kizio (kitu cha kuamsha mzio) ndani yake, na kalsiamu ya damu inaweza kupanda, basi pimeni uzito kila siku. Kama swali lenu ni mzio sugu, bakini na oksazoloni na mfikishe upakaji 8 hadi 10. Upakaji mmoja au miwili unatoa mwitikio wa Th1 (aina moja ya seli za kinga). Sura ya Th2, ile ya mzio wenye IgE, inakuja kwa kurudia.

dunga_maabara:

Asanteni sana, daktari na mwenzako. Tukikuta utitiri, tuwatibu kwa ivermektini kisha tuendelee na panya haohao?

vet_njoro:

Kwa jaribio hili, hapana. Ivermektini haiui mayai, hivyo dawa lazima irudiwe hadi mzunguko wa maisha wa utitiri upite, na wa *Myobia* ni kama siku 23. Tena ivermektini ya kupaka yenyewe imeonekana kupunguza uvimbe wa ngozi kwa panya, na IgE haishuki mara tu utitiri unapokufa. Tibuni banda la kuzalishia, mtumie kizazi kitakachofuata kikishapimwa.

hapteni_kakamega:

Jambo moja kuhusu mwarobaini. Oksazoloni inashikana na protini na kemikali zenye amini. Dondoo likipakwa dakika chache kabla yake linaweza kuinasa juu ya ngozi, sikio lisivimbe, na mkaandika kwamba mmea unatuliza mzio. Acheni saa 5 au 6 katikati, na muanze matibabu baada ya upakaji wa tatu au wa nne, uvimbe ukiwa tayari umesimama. Kundi la deksamethasoni (dawa ya steroidi inayojulikana kupunguza uvimbe) liwepo, mkijua kwamba wanailamba na wanaweza kukonda.

Dondoo la kijani linatia sikio rangi, kwa hiyo mpimaji atajua kundi hata mkimficha. Hukumu kuu iwe kwenye slaidi zenye namba za siri: formalini ya asilimia 10 kwa saa 24, sikio likatwe wima, rangi ya H&E kwa unene wa epidemisi (tabaka la juu la ngozi) na eosinofili, toluidini ya buluu kwa seli za masti; zote mbili ni seli za kinga zinazohusika na mzio.