Boti ya mita 7 ya kusafiria na kulala: nianze na nini kati ya umeme, pampu na mashine?

Mgeni_wa_Maji:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa mpangilio wa kazi. Boti ni ya faiba, mita 7, omo (mbele) kuna kibanda cha kulala watu wawili. Mashine ni moja ya kupachika, petroli, mipigo minne, HP 100, tangi la lita 120. Imekaa nchi kavu miaka 2. Matumizi yatakuwa safari za siku 3 hadi 4 kwenye maji chumvi, na kulala nangani.

Iliyonayo sasa: betri 1 ya 70 Ah (ampea-saa), pampu 1 ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) isiyo na swichi ya kuelea, nanga ya kilo 5 yenye kamba tupu. Nataka kuongeza friji ya lita 40, taa, sola, tangi la maji la lita 60 na jiko. Nini kitangulie? Natanguliza shukrani.

Mfuamaji:
Mkuu, friji isubiri. Anza na kila tundu lililo chini ya usawa wa maji.

Fungua na ufunge kila vali kwa mkono. Iliyokwama usiigonge nyundo, ing'oe. Kisha kwangua chuma chake kidogo kwa ncha ya kisu. Rangi ya manjano ni nzuri. Ukiona waridi-waridi kama shaba nyekundu, zinki imeshaliwa na maji chumvi, na kilichobaki ni kama biskuti: kinaonekana kizima lakini ukikiegemea kinakatika. Weka vali za bronzi, si za shaba ya manjano ya mabomba ya nyumbani. Mpira ufungwe klipu 2 za chuma cha pua daraja la 316, na kando ya kila vali ning'iniza kizibo cha mti laini kwa uzi.

Kwa nini nasisitiza? Tundu la sentimita 2.5 lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji huingiza karibu lita 43 kwa dakika. La sentimita 5 kwenye kina cha sentimita 60 linakaribia lita 240. Sasa soma pampu yako. Ile iliyoandikwa lita 7,500 kwa saa hutoa kiasi hicho ikiwa haipandishi maji popote. Iambie iyapandishe mita 1 na kupita kona mbili, mara nyingi utapata kama nusu. Maana yake pampu inakununulia muda wa kuziba, haishindani na tundu.

Funga mbili. Ndogo ikae chini kabisa na swichi ya kuelea, kubwa ikae juu yake kwa sentimita 15 hadi 20 pamoja na kengele. Kila moja na mpira wake, uliolainika ndani, maana ule wa mikunjo-mikunjo unapunguza mtiririko. Usiweke vali ya kuzuia maji kurudi: uchafu huiganda, na pampu hubaki ikivuma bila kutoa tone. Mdomo wa kutolea uwe juu sana ya usawa wa maji hata boti ikilala upande.

Swichi ya kuelea iungwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu, isipite swichi kuu. Boti nyingi hujaa maji zikiwa zimefungwa, kila kitu kimezimwa, na hakuna mtu ndani.

Waya_Mwekundu:
Naunga mkono hapo juu. Upande wa umeme, piga hesabu kabla ya kununua chochote.

Friji ya kompresa huvuta kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi. Penye joto itafanya kazi asilimia 40 ya siku: 4 × 24 × 0.4, karibu 38 Ah. Skrini ya ramani 8 Ah, simu 6, taa za LED 2, pampu ya maji 1. Jumla 55 Ah kwa siku. Betri ya risasi isiteremshwe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji angalau 110 Ah za betri ya mzunguko mrefu kwa matumizi ya ndani, na ile ya 70 ibaki ya kuwashia mashine TU. Volti ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu.

Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri itakurudishia 25 hadi 30 Ah kwa siku. Nyingine zitoke kwenye mashine. Kati ya betri mbili weka rilei (swichi inayojiendesha) inayosikiliza volti: huziunganisha karibu volti 13.3 mashine ikichaji, huzitenganisha karibu 12.8. Hivyo friji haiwezi kuinyonya betri ya kuwashia usiku.

Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Unene wengi hubahatisha, na ndiyo maana pampu huenda polepole. Mfano: pampu ya ampea 5 iliyo mita 6 kutoka kwenye betri, safari ya kwenda na kurudi ni mita 12. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti 0.41, yaani asilimia 3.4. Kwa waya wa 4 unapoteza 0.26, asilimia 2.2. Pampu na taa za kusafiria usizidishe asilimia 3. Friji nayo haipendi volti pungufu, hujizima. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kifaa, kwa sababu inalinda waya. Viungio vibanwe kwa koleo lake, kisha vivalishwe mpira wa joto wenye gundi ndani. Usitegemee risasi ya kuchomea peke yake: waya hukakamaa pale inapoishia, na mtetemo hukatia hapohapo.

Amari:
Nanga ya kilo 5 na kamba tupu kwa kulala? Hapana, mkuu. Kilo 10, mnyororo wa milimita 8 usiopungua mita 10, kisha kamba ya nailoni ya milimita 12. Hesabu kina + urefu wa omo juu ya maji + maji yatakayojaa. Mita 4 + 1 + 2 ni 7. Zidisha mara 7 kwa mnyororo na kamba, yaani mita 49. Kwa hiyo uwe na angalau mita 60. Pini ya shekeli (kiungo cha nanga na mnyororo) ifungwe waya, hujifungua yenyewe.

Plagi_Kavu:
Kwenye mashine iliyolala miaka 2, usiguse ufunguo kwanza.

Petroli yote ya zamani itoke. Ile ya chini kabisa ichukue kwenye chupa ya kioo uiache dakika 10. Maji hukaa chini, mstari unauona. Badilisha mipira ya mafuta iliyokakamaa, na weka chujio la kutenganisha maji la mikroni 10 kati ya tangi na mashine. Beba chujio 2 za akiba, maana tangi lililokaa litaachia uchafu kwenye mawimbi ya kwanza.

Impela (gurudumu la mpira lenye mapezi) ya pampu ya maji ya kupoza mashine badilisha bila kujadiliana. Mapezi yake yameshajikunja upande mmoja. Ipake sabuni ya maji au gliserini, si grisi ya petroli, na uizungushe uelekeo wa mashine huku ukiishusha. Ukikuta ya zamani imepoteza pezi, tafuta kipande chake kwenye njia za maji, kisipopatikana kitaziba huko juu. Ukishawasha, mashine lazima ikojoe mkondo wa maji wenye nguvu. Na isiwashwe kavu hata sekunde chache: mpira wa impela huungua.

Oili ya gia: toa kwa skrubu ya chini huku ya juu ikiwa imefunguliwa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili (mpira unaozuia maji kuingia). Jaza KUTOKEA CHINI mpaka itoke juu, rudisha skrubu ya juu kwanza, ndipo ufunge ya chini. Ukijaza kwa juu unafungia hewa. Washa (pete za kuzibia) za skrubu hizo ziwe mpya kila mara.

Anodi (kipande cha chuma kinacholiwa badala ya mashine): zinki au aluminiamu kwa maji chumvi, magnesi ni ya maji baridi (yasiyo na chumvi) na baharini itaisha haraka. Ikiliwa nusu, badilisha. Usiipake rangi kamwe. Tukiwa kwenye rangi, ile yenye shaba ya kuzuia viumbe wasijibandike usiipake kwenye mguu wa mashine, ni aluminiamu na utaoza. Baada ya kila safari ya chumvi, suuza kwa maji baridi dakika 10 hadi 15.

Mfuamaji:
Nyongeza: sola na vishikio vitatoboa sitaha. Kama katikati ya faiba kuna mbao nyepesi, toboa tundu kubwa kuliko skrubu, jaza epoksi, ikikauka toboa upya saizi yenyewe. Silikoni peke yake huachia, kisha mbao huoza kimyakimya.

Jiko la gesi: gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka ngamani. Mtungi ukae kwenye kisanduku chenye tundu la chini linalotokea nje.

Mgeni_wa_Maji:
MREJESHO. Vali, pampu, impela na oili tayari. Maswali 2. Je, betri ya ndani ikiwa ya lithiamu naweza kuiunga kwenye rilei hiyohiyo? Na ikiwa imepakiwa vyote, mashine inaishia mizunguko 4,900 kwa dakika wakati kitabu kinasema 5,000 hadi 6,000. Kabla ya mzigo ilifika 5,500.

Waya_Mwekundu:
Usiunge. Lithiamu hupokea umeme wote unaotolewa bila kupunguza, mfumo wa kuchaji wa mashine unapata moto. Na kinga yake ya ndani ikikata ghafla, volti hupanda na kuua rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uwe wa kuchaji betri). Weka chaja ya betri kwa betri ya ampea 20 katikati.

Plagi_Kavu:
Ni uzito. Petroli lita 120 ni kama kilo 89, maji 60, betri ya risasi ya 110 Ah karibu 30. Hakikisha kwanza kebo ya mafuta inafungua mpaka mwisho na chini ya boti ni safi. Kisha shusha mwinuko wa propela (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja), yaani weka yenye mwinuko mdogo: inchi 1 huongeza takribani mizunguko 200, kwa hiyo shuka inchi 3 upate kama 5,500. Usiiache kwenye 4,900, kuendesha mashine iliyolemewa kunaipasha joto na kula mafuta.

Tangi la maji lisogeze katikati, chini. Mwendo wa 4,000 tarajia lita 15 hadi 20 kwa saa. Mafuta ya kwenda lita 40, kurudi 40, akiba 40. Unapovalisha propela mpya, shafti ipakwe grisi ya baharini na pini ya nati iwe mpya, ile ya zamani ukiikunja mara ya pili hukatika.