Waanglikana tupeane uzoefu: mgogoro wa wakubwa ulipofika mtaani kwenu, kilitokea nini?

Mwana wa Magila

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba hili tulizungumze sisi walei, maana wakubwa wameshazungumza sana. Tarehe 3 Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Sarah Mullally, aliyekuwa Askofu wa London, ndiye Askofu Mkuu mpya wa Canterbury, kiti cha heshima ya kwanza kwa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Kiti kiliachwa wazi na Justin Welby, aliyetangaza kujiuzulu Novemba 2024 baada ya ripoti ya jinsi Kanisa lilivyoshughulikia ukatili wa John Smyth kwa vijana. Hazikupita hata wiki mbili, tarehe 16, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wanaoshikilia mafundisho ya zamani kuhusu ndoa, akatoa tamko kwamba wao hawavitambui tena vyombo vinne vilivyokuwa vikituunganisha: Askofu Mkuu wa Canterbury, Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa dunia nzima, Baraza la Ushauri la Kianglikana na Mkutano wa Maaskofu Wakuu.

Kwetu Jumapili iliyofuata watu hawakutawanyika upesi baada ya Misa. Mzee mmoja akamuuliza padre, "Kwa hiyo sisi tuko wapi?" Padre akasema anasubiri waraka.

Ugomvi wenyewe si mgeni huku. Mwaka 1913 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu walikutana pale Kikuyu, Kenya, na wamisionari wa madhehebu mengine, wakapanga kushirikiana, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti. Babu zetu wa UMCA, misheni ya Kianglikana yenye mapokeo ya kikatoliki, walilelewa na msimamo huo wa Weston, kwa uvumba na kengele na maungamo. Wenzetu wa CMS, misheni ya kiinjili, kule Dodoma walilelewa vingine kabisa. Hata hivyo mwaka 1970 tukawa jimbo moja la Tanzania, na mpaka leo tunakaa kwenye sinodi moja. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba watu wanaotofautiana hawana njia ila kuachana.

Mada za nani yuko sahihi kimaandiko zimejaa, tusizirudie. Simulia yaliyokupata wewe, familia yako au mtaa wako.

Binti Mgogo

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni wa kanda ya kati. Mtaa wetu wa kanisa ulikuwa na urafiki wa miaka mingi na mtaa mmoja wa Marekani. Walikuwa wakija wanalala majumbani mwetu, wanakula ugali na mlenda, wanajifunza kutusalimia kwa Kigogo. Walisaidia ada za watoto, kisha tukaanza nao jengo la shule ya Jumapili.

Gene Robinson, aliyekuwa akiishi wazi na mwanaume mwenzake, alipowekwa wakfu kuwa Askofu wa New Hampshire, Novemba 2003, hakuna mtu mtaani kwetu aliyemjua. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania wakatamka kwamba ushirika na Kanisa la Episkopo, yaani Kanisa la Kianglikana la Marekani, umeharibika vibaya, na kwamba hawatapokea, wakijua, msaada wa yeyote kule anayeunga mkono mambo hayo. Tamko likasomwa kanisani. Halmashauri ya mtaa ikakaa: hawa marafiki zetu wako upande gani? Jengo limefika kwenye renta, mbao tumeshanunua, bati bado. Mzee mmoja akashauri tuwaandikie tuwaulize. Katibu akakataa, akasema hilo ni sawa na kumpokea mgeni mlangoni kwa kumhoji kabla hujampa maji. Barua haikuandikwa. Nao kule sijui waliambiwa nini, wakanyamaza.

Niseme wazi: kwenye mafundisho niko na maaskofu wetu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hatukuagana. Mama mmoja wa kule alikuwa akimwita mwanangu mjukuu. Mtoto aliuliza Krismasi mbili mfululizo kadi iko wapi.

Bati tuliweka wenyewe kwa michango ya karanga na alizeti, ikachukua miaka, na nalisema hilo kwa fahari. Lakini niliposoma tamko la Oktoba nikakuta kifungu kwamba majimbo ya GAFCON yasichangie fedha Baraza la Ushauri wala yasipokee fedha zake, nilifikiria mitaa itakayosomewa hilo kama tulivyosomewa sisi, bila mtu kuulizwa.

Sauti ya Pili

Mimi nilikuwa Mkunazini, Unguja, Februari 2007. Maaskofu wakuu wa dunia nzima walikuwa na mkutano Dar es Salaam, na Jumapili wakavuka kuja kusali nasi kwenye Kanisa Kuu la Kristo, lile lililojengwa juu ya soko la watumwa. Ilikuwa kumbukumbu ya miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Rowan Williams ndiye aliyehubiri. Kwaya tulikuwa tumefanya mazoezi mpaka sauti zikakauka.

Siku mbili kabla, kule Dar, baadhi yao walikataa kupokea Ushirika pamoja na Katharine Jefferts Schori, askofu kiongozi wa Kanisa la Marekani. Sisi tulizisikia habari hizo redioni. Nikiwa kwenye safu ya kwaya nilikuwa nahesabu nani kasimama kwenda altareni na nani kabaki amekaa, wakati nilipaswa kuwa naomba. Nilichukia kwamba ugomvi wao ulinifanya niwe mlinzi wa watu wanaokwenda mezani kwa Bwana, tena mahali pale, ambapo binadamu waliwahi kupangwa na kuchaguliwa.

Mkenya wa Virginia

Shukrani kwa mada hii. Mimi nilifika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nikakaribishwa vizuri sana kwenye kanisa moja hapa Virginia. Desemba 2006 makanisa kadhaa ya huku yalipiga kura kujitoa Kanisa la Episkopo na kuwa chini ya Kanisa la Kianglikana la Nigeria. Letu lilikuwa mojawapo. Mwaka uliofuata Kanisa la Kenya nalo liliwaweka wakfu kuwa maaskofu Wamarekani wawili, Bill Atwood na Bill Murdoch, pale Nairobi. Mimi niliyetoka Kenya nikawa naulizwa na Wazungu, "Kwenu mnafanyaje?" Kidogo iliniinua moyo.

Kisha zikaja kesi. Januari 2012 jaji akaamua kwamba majengo ni ya dayosisi ya Kiepiskopo. Tukatoka, tukawa tunasali kwenye ukumbi wa shule. Kila Jumapili tunapanga viti vya plastiki, tunafunga spika, saa saba tunafungua kila kitu tena. Binti yangu alibatizwa kwenye lile kanisa la zamani. Alipohitaji cheti miaka baadaye nilirudi kukiomba. Nilijiandaa kwa maneno makali. Karani, mama wa Kimarekani ambaye alikuwa amebaki, alinitambua kwa jina, akanitolea kitabu, tukasoma pamoja majina ya wazazi wa ubatizo. Mmoja alibaki, mmoja alitoka. Hawajasalimiana tangu ile kura.

Msamaria wa Nairobi

Naomba na upande wa pili usikike. Mnasimulia kana kwamba kuwa na msimamo ndilo kosa. Mimi nilijitolea Oktoba 2013, GAFCON ilipokutana Kanisa Kuu la All Saints hapa Nairobi. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu shambulio la Westgate, na bado wakaja wajumbe zaidi ya 1,300. Welby mwenyewe alikuja siku moja kabla akahubiri. Nilimpokea uwanja wa ndege mama wa Uingereza ambaye alikuwa ameachwa peke yake kwenye kanisa lake kwa sababu ya kushikilia azimio la Lambeth la 1998 kwamba ndoa ni ya mume na mke, lile ambalo maaskofu 526 walilipigia kura ya ndiyo dhidi ya 70. Alilia tulipoanza kuimba. Alisema hajawahi kuwa na watu wengi hivyo wanaoamini kama yeye. Kwake yeye umoja aliupata Nairobi.

Mama Butere

Msamaria, nakuelewa, ila mimi nina swali langu. Mimi ni wa Dayosisi ya Butere. Askofu wetu tangu 2021 ni Rose Okeno, mwanamke wa kwanza Kenya kuongoza dayosisi. Amezika watu wetu, amewapa kipaimara watoto wetu. Sasa Mullally alipotangazwa, Askofu Mkuu Mbanda alisema waanglikana walio wengi bado wanaamini Biblia inataka maaskofu wanaume tu. Askofu Mkuu Kaziimba wa Uganda yeye alilalamikia msimamo wa Mullally juu ya ndoa za jinsia moja. Hayo ni mambo mawili tofauti! Hilo la pili tunaelewana. Lakini la kwanza, nataka kujua askofu wangu atakaa kiti gani kwenye huo Ushirika mpya wa GAFCON. Na tukumbuke, Baraza la Ushauri lilikaa mara ya kwanza hapa kwetu Limuru, 1971, na lilipoulizwa kuhusu upadre wa wanawake wa Hong Kong likakubali kwa kura 24 kwa 22. Mambo haya yalianzia nyumbani kwetu, tusiambiwe tumeletewa.

Mzee wa Kanisa

Kwetu ugomvi haukuhusu Canterbury. Ulikuwa wa askofu wetu na fedha za dayosisi, nami dayosisi siitaji. Ilifika Jumapili zikasomwa nyaraka mbili, moja ya askofu, nyingine ikisema huyo si askofu tena. Mlango wa sakristia ulikuwa na kufuli mbili, kila upande na lake. Mchungaji alivalia kanzu nje, chini ya mwembe.

Walioumia zaidi ni watoto wa kipaimara. Walishamaliza mafundisho, nguo nyeupe zimeshonwa, lakini wazazi hawakubaliani ni mkono wa nani utakaowekwa kichwani mwao. Familia nyingine zilihamia kwa Walutheri, hazijarudi.

Mwana wa Magila

Mzee, shikamoo. Mlilimalizaje? Halmashauri yetu inakaa Jumamosi na kuna watu wameanza kusema sadaka isipelekwe dayosisi mpaka ijulikane tuko wapi.

Mzee wa Kanisa

Marahaba. Msizuie kwa hasira, mtaanzisha kesi. Sisi tulifanya hivi: sadaka ilihesabiwa pale pale baada ya ibada mbele ya watu wa pande zote, jumla ikaandikwa ubaoni. Daftari walishika mama wawili wa Umoja wa Akina Mama, mmoja kila upande. Benki tukaweka saini tatu, na fedha hazikuguswa ila mshahara wa mchungaji na umeme, mpaka uamuzi ulipotoka. Kipaimara tukamwandikia askofu wa dayosisi jirani, kwa idhini ya ngazi ya jimbo, akaja. Ombeni barua ya idhini iwe na mhuri, na nakala ibaki mtaani.