Rafu ya Septemba: anayemzimisha mwenzake acheze fainali?

MTOA MADA

Wakuu, AFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kiaustralia, ikiingia Septemba, mwezi wa mtoano, huku Melbourne maswali huwa mawili: nani atabeba kombe, na nani atafungiwa. Naomba tujadili la pili, maana linaamua la kwanza kuliko watu wanavyokubali.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: kila timu ina watu 18 uwanjani, uwanja una umbo la yai, mpira hupigwa kwa mguu au hupasiwa kwa ngumi, goli ni pointi 6. Kumkamata mwenye mpira na kumwangusha ni halali, kumkumba kwa bega ni halali, lakini kichwa hakiguswi. Katika misimu nitakayoitaja, timu 8 za juu ndizo ziliingia mtoano. Nne za kwanza zikifungwa mechi ya kwanza zinapewa nafasi nyingine. Nne za chini zikifungwa zinarudi nyumbani.

Sasa tukio lenyewe. Tarehe 7 Septemba 2023, uwanja wa MCG, Collingwood na Melbourne, robo ya kwanza. Angus Brayshaw wa Melbourne anakuja mbio na mpira, anaupiga. Brayden Maynard, beki wa Collingwood, anamjia kwa mbele na kuruka, mikono juu, ili auzuie. Mpira unampita. Akiwa bado hewani anageuza mwili, bega linatangulia, na linatua kwenye kichwa cha Brayshaw ambaye ndiyo kwanza anamalizia kupiga, hana mkono wa kujikinga wala nafasi ya kukwepa. Alizimia palepale, akatolewa kwa machela. Collingwood wakashinda 60 kwa 53.

Ofisa wa ligi anayepitia matukio ya mechi hakuona kosa la kumshtaki. Uongozi wa AFL ukaingilia kati, Maynard akapelekwa mbele ya jopo la nidhamu kwa kosa la rafu, na AFL ikaomba afungiwe mechi 3. Hapo msimu wake ungekuwa umekwisha. Baada ya saa kadhaa za mabishano ya wanasheria, akaachiwa, na AFL haikukata rufaa. Akacheza nusu fainali: Collingwood wakaitoa GWS kwa pointi 1. Akacheza fainali: wakaifunga Brisbane kwa pointi 4, kombe likaenda kwao. Upande wa pili, Melbourne bila Brayshaw walitolewa na Carlton kwa pointi 2 wiki iliyofuata. Februari 2024 Brayshaw akastaafu kwa ushauri wa madaktari, akiwa na miaka 28.

Msimamo wangu ni kwamba Maynard alistahili kufungiwa. Sisemi alikusudia kumuumiza, na inajulikana alikwenda hadi nyumbani kwa Brayshaw kumjulia hali. Lakini kosa la uzembe halihitaji nia mbaya. Jopo lilisema mchezaji wa kawaida asingeweza kuona kwamba kishindo cha namna ile kingetokea. Mimi silielewi hilo. Ukimkimbilia mtu anayekukimbilia, ukaruka kwenda mbele badala ya kwenda juu, unatarajia kutua wapi kama si kwake? Jopo lilianza kuhesabu pale alipokuwa hewani hana la kufanya. Lilipaswa kuanza pale miguu yake ilipokuwa bado chini.

Tena si mara ya kwanza Septemba kuwa na huruma. Mwaka 2005 Barry Hall wa Sydney alimpiga ngumi ya tumbo Matt Maguire wa St Kilda kwenye nusu fainali, akaruhusiwa kucheza fainali, Sydney wakabeba kombe lao la kwanza baada ya miaka 72. Mwaka 2017 Trent Cotchin, nahodha wa Richmond, aligongana na Dylan Shiel wa GWS kwenye nusu fainali. Shiel hakumaliza mechi. Cotchin wiki iliyofuata alinyanyua kombe ambalo Richmond walikuwa wakililia tangu 1980. Nani ananiambia hukumu zile zingekuwa zilezile kama ingekuwa mechi ya Mei?

SHABIKI WA COLLINGWOOD

Naomba nitofautiane nawe, mkuu, na nitaanzia hapo ulipoishia. Unasema Septemba ina huruma. Waulize wazee wa Collingwood. Mwaka 2002 Jason Cloke alifungiwa akakosa fainali dhidi ya Brisbane, tukafungwa kwa pointi 9. Mwaka 2003 Anthony Rocca naye akafungiwa baada ya nusu fainali, akaangalia fainali akiwa jukwaani, na Brisbane haohao wakatufunga kwa pointi 50. Hatukuonewa huruma na mtu. Usichague mifano inayokufaa tu.

Pili, kuruka kuzuia shuti si rafu. Ni kazi ya beki, kocha anamfundisha hivyo na jukwaa zima linasimama kumpigia makofi anapofanikiwa. Mle kwenye kesi alikuja mtaalamu wa mwendo wa mwili akaeleza kwamba mtu akishaondoka ardhini hana muda wa kuamua upya. Kugeuza bega ni mwili kujikinga wenyewe. Ukimfungia kwa hilo umemfungia kwa matokeo. Brayshaw alishawahi kupata mitikisiko ya ubongo miaka ya nyuma, hadi akawa anavaa kofia laini uwanjani. Namhurumia kwa moyo wote. Ila mchezaji mwingine angeinuka akaendelea, na leo tusingekuwa na mada hii.

Na sheria uliyoitaka imeletwa. Kuanzia 2024 miongozo ya AFL inasema anayechagua kuruka kuzuia shuti kisha akamkumba mwenzake, kwa kawaida atahesabiwa kuwa angalau mzembe. Imeletwa baada ya tukio. Huwezi kumhukumu mtu kwa sheria ya mwaka unaofuata.

SHABIKI WA CARLTON

Nyote wawili mnazunguka. Tatizo ni wanasheria. Agosti 2022 nahodha wetu Patrick Cripps alimgonga Callum Ah Chee wa Brisbane akamtikisa ubongo, akafungiwa mechi 2, jopo likathibitisha, halafu bodi ya rufaa ikafuta yote kwa sababu za utaratibu wa kesi. Mwezi uliofuata akachukua Brownlow, medali ya mchezaji bora wa msimu, kwa kura 29, medali ambayo mchezaji aliyefungiwa msimu huo haruhusiwi kupewa. Nampenda Cripps kuliko mchezaji yeyote aliye hai, lakini pale hakuna aliyejibu kama kumgonga Ah Chee vile ni kosa au si kosa. Na mtoano wenyewe hatukuingia: raundi ya mwisho Collingwood walitufunga kwa pointi 1.

MAMA WA MCHEZAJI, FOOTSCRAY

Kaka zangu, hamjambo. Nimesoma mpaka hapa, na kitu kimoja kimenichoma: "mchezaji mwingine angeinuka akaendelea." Hicho ndicho kinachotuogopesha sisi wazazi, maana anayeinuka na kuendelea naye anaweza kuwa ameumia.

Mnamjua Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, mtoto wa Sudan Kusini aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Kwetu sisi tuliotoka upande ule ni kijana wetu. Wanangu wanavaa jezi yake. Julai 2023 aligongana vichwa na mwenzake wa timu moja, Lachie Jones, kwenye mechi na Adelaide. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. AFL ikaitoza klabu faini ya dola 100,000. Pale hapakuwa na rafu wala adui. Palikuwa na mechi inayotakiwa kushindwa, na msimamo wa ligi.

Ubongo haujui kama ni Julai au Septemba. Shane Tuck wa Richmond alifariki 2020, akakutwa na CTE, ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi. Danny Frawley wa St Kilda hivyohivyo mwaka uliotangulia. Heather Anderson, aliyecheza Adelaide ligi ya wanawake, alikuwa na miaka 28 tu alipofariki, naye akakutwa na CTE. Wachezaji wa zamani wameipeleka AFL Mahakama Kuu ya Victoria kwa pamoja. Halafu tunabishana kama mtu akose fainali!

Mwanangu ana miaka 11. Kocha wake anamfundisha kuzuia shuti akiingia kwa ubavu, mikono imenyooka mbele ya mguu wa mpigaji, miguu ibaki karibu na ardhi. Mtoto anaelewa. Basi hata mkubwa anayelipwa ataelewa, lakini ataelewa upesi zaidi akijua kwamba fainali inaweza kumponyoka.

SHABIKI WA COLLINGWOOD

Mama, shikamoo, na nimekusikia. Lile neno nalifuta, halikustahili. Ila swali langu bado lipo: mechi 3 za Septemba ni sawa na mechi 3 za Mei? Mchezaji anaweza kucheza miaka 12 asifike fainali hata moja. Fainali moja ihesabiwe kama mechi 2, hapo adhabu italingana na kosa.

MTOA MADA

Hapo sikubali kabisa. Ukisema fainali moja ni sawa na mechi 2, umempa punguzo anayeumiza watu wakati ambao mechi zina presha kubwa na miili inagongana kwa nguvu kuliko wakati wote. Jimmy Webster wa St Kilda alimkumba Jy Simpkin mapema 2024 kwenye mechi ya maandalizi, ambayo haina hata pointi, akafungiwa mechi 7. Hakuna aliyeuliza mechi ile ina thamani gani. Kilichoangaliwa ni kichwa cha Simpkin.

Kuhusu sheria ya mwaka unaofuata, hoja yako ina mashiko kwa nusu. Lakini wajibu wa kukilinda kichwa cha mwenzako haukuanza 2024. Walichofanya ni kuuandika wazi zaidi kwa sababu jopo lilikataa kuuona.

Na wapo wanaosema kumfungia mtu mmoja ni kuiua timu yake. Waangalie 2019. Toby Greene wa GWS, mchezaji wao hatari kuliko wote, alifungiwa mechi 1 kwa kumshika vibaya usoni Lachie Neale wa Brisbane, akakosa nusu fainali. GWS walishinda bila yeye, kwa pointi 4, na waliofungwa ni ninyi Collingwood. Greene akarudi kwenye fainali, wakafungwa na Richmond kwa pointi 89.