Mbolea ya dukani inaua ardhi ya Dodoma? Mi nasema tupime kwanza

Wakuu habari za shamba. Kila msimu ukikaribia huku kwetu maneno ni yaleyale, wazee wanasema mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi, ukishaizoesha shamba basi bila hiyo hupati kitu, na wenye maduka nao wanasema wazee wamebaki nyuma, ruzuku ya serikali ya mbolea ipo tangu 2022, jisajili ununue. Mi naona wote wanabishana juu ya udongo ambao hawajaupima.

Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja tu, na mara nyingi inakata Januari au Februari mazao yakiwa ndo yanataka maji. Sasa mtu wa Bahi hapa Dodoma anamwaga urea, mbolea ya kukuzia, juu ya mchanga mkavu kama vile yuko Njombe kwenye mvua nyingi, jua likipiga naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo, inapaa hewani. Mwingine DAP, ile mbolea ya kupandia, anaiweka shimo moja na mbegu zikigusana, ukavu ukija mbegu inaungua. Huyo utamwambia nini tena kuhusu mbolea? Hela imeenda na shamba ni jeupe, kaona kwa macho yake.

Na wazee wasipuuzwe jamani, hoja wanayo. SA, mbolea nyingine ya naitrojeni, na hata urea ukiweka miaka na miaka bila kurudishia ardhi kitu kingine, udongo unazidi kuwa na tindikali, ikizidi sana hata fosforasi uliyoinunua ndani ya DAP inang'ang'aniwa na udongo mmea hauipati. Ila mbona hatusemi na ya kwetu? Mabua yote tunalishia ng'ombe au tunachoma, samadi inarundikana zizini na shamba liko palepale jirani, mwaka huu mtama, mwakani mtama tena. Ardhi ya hivyo ingechoka hata kama DAP isingewahi kufika nchi hii.

Msimamo wangu ni samadi kwanza, halafu ya dukani kidogo, kizibo cha soda kwa shimo, uifukie kidogo ndo mbegu ikae juu, na ya kukuzia isubiri unyevu, mvua ikigoma usiweke, itunze ndani. Na ruzuku isiishie kwenye mifuko. Mwaka 2022 hapahapa Dodoma maafisa ugani walikabidhiwa pikipiki na vipima udongo, kwa hiyo nataka majibu ya udongo wa kila kijiji yabandikwe ofisini kwa mtendaji wa kijiji kabla ya Novemba, mtu asome ndo aende dukani.

Wa Kongwa, Mpwapwa, Chemba, nani kapimiwa shamba lake na akaambiwa aweke nini? Na nyie mnaosema ni sumu moja kwa moja, yule asiye na hata ng'ombe mmoja mnamshauri afanyeje?