Paka ananguruma, kisha anang'ata. Anamaanisha nini?

Swali: Jamani, paka dume wa mwaka 1 akipapaswa mgongoni ananguruma vizuri, halafu ghafla anang'ata mkono. Mbona ananguruma kama hataki?

Mchangiaji wa 1: Anataka, ila kwa muda. Tazama mkia: ncha ikianza kutikisika, ngozi ya mgongo ikacheza na masikio yakageukia pembeni, toa mkono papo hapo. Kung'ata huja baada ya ishara hizo. Mpapase mashavuni na chini ya kidevu mara 3 au 4, kisha acha. Akisogeza kichwa mwenyewe, endelea. Tumbo liache, hata akilala chali. Hapo anaonyesha kukuamini tu, hajaomba kukunwa.

Mchangiaji wa 2: Naongezea: kunguruma si raha peke yake. Paka mwenye maumivu naye hunguruma, kajikunyata, macho nusu, chakula hagusi. Na kwa vile ni dume, hili lishike sana: akiwa anarudi rudi kwenye mchanga wake wa kujisaidia, anachuchumaa, analia kwa sauti nzito na mkojo hautoki au ni matone tu, huenda njia ya mkojo imeziba. Usimbonyeze tumbo, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Ndani ya siku 1 au 2 anaweza kufa.

Muulizaji: Asanteni. Na akinitazama huku anafumba macho polepole?

Mchangiaji wa 1: Ametulia. Mfumbie nawe polepole, usimkazie macho. Paka akikodolewa huona anatishwa.