Babu mzaa bibi alizaliwa mwaka gani? Fundi wa kaburi anasubiri

Mjukuu_Dom: Wakuu, salaam. Tunajengea kaburi la babu mzaa bibi, Mgogo wa hapa jirani na Dodoma mjini, aliyefariki 1974. Marumaru zimeshafika, fundi anadai mwaka wa kuzaliwa. Cheti hakuna. Bibi, kitinda mimba wake, ukimuuliza anakujibu, "Wa mwaka wa reli," basi. Tukapanga kuandika 1910, mwaka reli ilipofika Dodoma. Ila bibi huyohuyo anasema babu alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, akatoroka, akafika kwao akakuta Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, mama yake kashakufa. Mtoto wa miaka sita abebe mzigo gani?

Kumbukumbu tuliyonayo ni sarafu moja, bibi anaifunga kwenye pindo la khanga. Upande mmoja 20 HELLER, upande wa pili taji, 1916 na kiherufi T. Pembeni imetobolewa kwa msumari, babu alikuwa anaivaa shingoni.

Mzee_wa_Sarafu: Heller ni pesa ya Mjerumani, na hiyo T ni Tabora. Waingereza waliziba bahari, pesa haikuja tena toka Ujerumani, ikabidi zifuliwe hapahapa. Dodoma ilitekwa Julai 1916, Tabora ikaangukia kwa Wabelgiji Septemba. Kwa hiyo babu yenu alikuwa mtu wa Vita vya Kwanza vya Dunia kweli, ingawa msiseme alifika Tabora kwa sababu ya sarafu. Pesa hutembea.

Mwl_Mstaafu: Reli ya kati ilianzia Dar 1905, Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914. Mwaka wenu ni sahihi, tatizo ni neno "kuzaliwa". Nani alilitamka? Muulize bibi mwaka wa reli babu alifanywa nini. Wazee wengi walihesabu toka jandoni. Kama 1910 alikuwa na miaka 12 hadi 15, basi 1916 ni kijana wa 18 hadi 21, ndio hasa waliokuwa wanasombwa.

Na Mtunya haikuwa ukame peke yake. Mjerumani alizoa ng'ombe, mtama na vijana, Mwingereza akaja akazoa kilichobaki, mvua nazo zikagoma. Nani angelima? Mwishoni mwa 1918 yakaja na mafua.

Bahi_Road: Msiandike 1910 wakuu. Marumaru haina kifutio 😂

Mjukuu_Dom: Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Kanishangaa: "Nani kakwambia kuzaliwa? Walikuwa kambini porini, vidonda bado vibichi, wakasikia gari moshi linalia. Wakakimbia wote, na ngariba akakimbia." Kumbe miaka yote hii tulikuwa hatujamuuliza swali la pili.

Mwalimu, asante sana. Fundi nimemwambia aandike 1974 tu, na juu yake "Alitoka jando mwaka wa reli". Anadai herufi zimeongezeka, niongeze elfu ishirini.